Mtoto wa Nne wa Papa Sebahire

Watu wa Kibabi walimwita Claudette Sekretere, ingawa hakuwa na ofisi wala mkubwa wa kazi. Alikuwa na diploma ya sekondari, meza moja barazani, na mwandiko uliosifiwa hata na mapadri. Alianza kwa barua: za kuomba nafasi shuleni, za kudai shamba, za kumpasha habari ndugu aliyeko machimboni Walikale. Telefone zilipoenea, barua zikapungua. Kilichobaki kumlisha ni vifo.

Kwenye vilima vile marehemu hashushwi kaburini kabla ya historia yake kusomwa. Msomaji husimama kando ya jeneza, anataja mwaka wa kuzaliwa, ubatizo na ndoa, kisha watoto mmoja mmoja: wa kwanza fulani, wa pili fulani. Aliyetajwa huinua mkono. Kama yuko mbali, au amekwisha kufa, mtu wa nyumbani humwinulia.

Claudette aliandika historia hizo na kuzisoma mwenyewe. Alilipwa maharagwe, mihogo, mara nyingine kuku. Wazee walimtania. Papa Hakorimana alikuwa akimsimamisha njiani na kumwambia aandike ya kwake mapema. "Ukingoja nikufe, utanisifu bure," alisema. "Nitasikia wapi? Na usisahau ile ng'ombe yangu ya madoa."

Claudette alicheka, lakini hakumwambia kila mtu kwa nini alishika kazi hiyo. Mume wake, Jean-Claude, alikwenda Itebero kununua mafuta ya mawese, akashikwa na homa msituni, akazikwa na watu wasiojua hata jina la baba yake. Hakuna aliyemsoma. Habari ilifika baada ya mwezi.

Papa Sebahire alipofariki, mdogo wake Habumugisha ndiye aliyekuja kumwita Claudette. Habumugisha alikuwa mkubwa wa shirika la kanisa, na kila kifo cha kilima kilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyesema nani atasoma. Kwa miaka sita alikuwa akisema Claudette.

Lakini kwanza Claudette aliketi na mjane, Mama Emérita, ili aandike. Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, sauti imekauka kwa kulia.

"Nilizala munane," alisema. "Andika bote munane."

Akawataja, na Claudette akawaandika kwenye kaye, daftari lake la kazi. Wa nne alikuwa Luc.

Habumugisha alimngoja nje ya ua. Alisema kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia, kwamba watoto wa marehemu ni saba. Luc alikuwa ameingia msituni na watu wa bunduki miaka mitano iliyopita, na hakuna aliyejua kama bado yu hai.

"Pa maziko kutakuwa masikio ya kila aina," alisema. "Tukimutaja, kesho batakuja kuuliza iko wapi. Na mimi niko na nyumba hapa, na batoto." Akatazama bonde. "Kazi yako tunaipenda, Sekretere. Usituharibie."

Claudette alirudi kwenye meza yake. Maneno ya Habumugisha hayakuwa ya mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua. Alifikiri pia juu ya chungu chake, na juu ya miaka sita aliyotumia kulijenga jina lake hadi watu wakaacha kumwona kama mjane wa kuhurumiwa. Akanakili historia kwenye karatasi safi. Aliandika kwamba Papa Sebahire alikuwa mpole, mpenda kazi na mcha Mungu, kama alivyoandika juu ya karibu kila mwanamume aliyezikwa kwenye kilima hicho. Akaandika watoto saba, akawapa namba upya.

Kesho yake mchana, watu walijaa hadi kwenye migomba. Claudette akasoma. Wa kwanza, mkono ukainuka. Wa pili, mkono ukainuka. Wa tatu, Uwitonze, akainua wake huku akifuta macho.

"Wa nne," Claudette akasoma, na kabla hajafikia jina, Mama Emérita alikuwa amekwisha inua mkono pale chini alipoketi.

"Dusabimana."

Dusabimana, aliyezaliwa wa tano, akainua mkono wake nyuma ya umati. Mkono wa mama ukabaki juu. Claudette aliendelea hadi wa saba bila kuutazama, lakini aliujua ulipo. Ulishuka wakati jeneza liliposhuka.

Jioni haijaingia, watu wengine walipokwenda kunawa, Mama Emérita alimfuata nyuma ya jikoni.

"Haukumusoma."

"Hapana, mama."

"Lakini ulimuandika? Pa karatasi iko?"

Mama Emérita hakujua kusoma. Claudette angeweza kuweka kidole kwenye mstari wowote, na mama angeshukuru, akaenda zake.

"Hapana, mama," alisema. "Hata pa karatasi hayuko. Nilimutoa."

Mama alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Hakutukana. Aliuliza kama kuna nafasi ya kumrudisha. Claudette alitazama: mistari ilikuwa imebanana, na mtu mzima hakuweza kuingia kati ya wa tatu na wa nne. Akatoa karatasi nyingine, akaiweka juu ya ungo, akaanza upya kutoka mwaka wa kuzaliwa. Alipofika kwa Luc, alimwomba mama aseme.

"Andika alizaliwa tukivuna maharagwe. Andika yeye njo alibeba mbao za hii nyumba na baba yake." Mama akasogea karibu na ungo. "Alikuwa anaogopa radi. Hata mukubwa vile, anakuja kukaa karibu yangu. Hiyo inaandikwaka?"

"Ninaiandika, mama."

Habumugisha alipita, akaona biki inakwenda juu ya karatasi. Alimpa pole mjane. Akampita Claudette bila kumsalimu.

Mwezi uliofuata kilima kilizika watu wawili, na wote walisomwa na Jean-Marie, mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna aliyemweleza Claudette kitu. Maharagwe yalipokwisha alifunga kaye zake kwenye kitenge, akashika njia ya Walikale, siku kadhaa za mguu na pikipiki, mpaka Mpofi, ambako hakujulikana. Kwenye nyumba ya kwanza alimkuta mwanamke aitwaye Muhawenimana akimenya mihogo. Claudette alijitambulisha, akasema anaandika historia za waliokufa.

Muhawenimana aliendelea kumenya. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Hata kama hatukumuzika?"

"Hata kama hamukumuzika."

Mwanamke akaweka kisu chini, akasogea kwenye mkeka.