Kuliamsha Jiwe

Siku plasta ilipokatwa mkononi mwa Wembe, mama yake alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa amekwisha kuipangusa meza ya kunolea pale barazani, akajaza ndoo maji, akavipanga visu vya wateja kwa kimo kama wanafunzi mstarini. Wembe aliketi, akachukua kisu cha muuza nyama, akakipitisha juu ya jiwe la almasi. Akakipitisha tena na tena. Akayajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha akakilaza kisu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto bila kutaka aamke.

"Mkono umekufa," alisema.

"Mkono umetoka kifungoni leo hii," mama yake alimjibu. "Hata mfungwa hupewa siku ya kupumua."

Lakini kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa pia. Kisu kiliteleza juu ya jiwe kama kandambili kwenye sakafu ya sabuni. Kwa watu wengine mkono ni mkono tu. Kwa mnoaji, mkono ndilo sikio. Kabla hajaanguka ngazini na kuvunjika kifundo cha mkono, Wembe alikuwa akinoa huku anapiga soga na wapita njia, na vidole vyake ndivyo vilivyomwambia lini chuma kimekubali. Sasa vidole vilikuwa kimya, naye akaamini ukimya huo kuliko alivyoamini maneno ya daktari.

Juma lilipokwisha, alimwita fundi funguo, jirani ambaye kibaraza chake kilikuwa chembamba mno hata akawa anapiga tupa huku kiwiko kikining'inia barabarani.

"Njoo leo alasiri uchukue meza na nafasi," Wembe alimwambia.

"Kaka, watu wasije wakasema nimekufukuza."

"Hujanifukuza. Jiwe nalo lichukue. Likikushinda, litazuia mlango."

Mama Pacha aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Haikuwa njaa iliyomtia hofu. Familia yao ilikuwa imewahi kufunga mkanda na kuufungua. Alichokiogopa ni ukuta. Tangu juzi mumewe alikuwa akila bila kusema neno, kisha analala akiuelekea ukuta, na mtu akishauzoea ukuta, kumgeuza si kazi ya siku moja. Sasa alikuwa ameingia ndani kulala tena, jua likiwa bado la asubuhi.

Alitoka barazani na kuketi penye kiti cha mumewe. Muda wote wa plasta ni yeye aliyeishika meza ile. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa ametazama tu miaka nenda miaka rudi, na pale ujuzi ulipopelea alikuwa amejazia nguvu, akivikandamiza visu juu ya jiwe mpaka mabega yanawaka. Wateja walikuwa wamepata makali ya kuvumilika. Alichukua kisu chake cha jikoni akanoa kama alivyozoea. Kisu kiliteleza. Akakandamiza zaidi, akainuka kidogo kitini ili uzito wote uende mbele. Kikateleza vilevile.

Akasimama wima. Mkono wake yeye haukuvunjika. Mbona basi naye hakupata kitu?

Alilifunga jiwe katika kitambaa na kuvuka barabara hadi kwa fundi vioo, kwa kuwa mara nyingi alikuwa amemwona akisaga kingo za vioo kwa gurudumu lililotiwa almasi. Fundi vioo alikuwa mwanamke wa rika lake, mweupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Karibu, shoga. Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea jiwe."

"Lete hilohilo. Nina mume anayelalamikia kila ninachopika. Huenda jiwe akalisifu."

Akalipokea, akaliinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu yake, kisha akapiga mluzi. "Nani amelipaka rangi?"

"Halikupakwa. Linang'aa kwa usafi. Mama mkwe anasema linapendeza."

"Linapendeza kama maiti iliyooshwa." Alipoona uso wa mwenzake umebadilika, akashusha sauti. "Samahani, mdomo wangu hauna breki. Sikiliza. Hili si almasi tupu. Ni shaba iliyochanganywa na punje za almasi, kama zege na kokoto. Kinachokata ni kokoto. Sasa punje za juu zikichakaa, na shaba ikasuguliwa ikawa laini kuzizunguka, kisu kinabaki kutembea juu ya shaba. Meno yapo, ila yamezama ndani ya ufizi."

"Basi nitayatoaje?"

"Huyatoi. Unaurudisha ufizi nyuma. Humo ndani kuna punje nyingine tele zinazongoja zamu. Jiwe la namna hii likiwa linang'aa, ujue limelala. Likiwa kijivu, limefifia, linakuaibisha mbele ya wageni, hapo ndipo liko macho."

Mama Pacha alihisi uso ukipata joto. "Nililikandamiza mno."

"Nani hakandamizi? Mimi gurudumu la kwanza nililiua kabla mshahara wa kwanza haujaingia, bosi akataka kunifunga dirishani badala ya kioo." Alikwenda nyuma ya duka akarudi na kipande cha kioo kinene. "Unalisugua hapa, juu ya unga mgumu na maji. Unga unaila shaba, almasi zinabaki zimesimama. Mlipolinunua hamkupewa kopo la unga mweusi?"

"Tulipewa."

"Liko wapi?"

Mbele ya macho ya Mama Pacha yalikuwa yamejipanga masufuria ya nyumbani kwake, yote yaking'aa kama mwezi.

Alirudi nyumbani na jiwe na kile kioo, akamkuta mama mkwe uani, kwenye karo, akiosha vyombo.

"Mama, lile kopo la unga mweusi lililokuwa chini ya meza..."

"Dawa ya masufuria? Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona sabuni kama ile! Mkwaruzo mmoja tu, masizi yote kwaheri."

"Imebaki?"

Mama mkwe alilichukua kopo ukingoni mwa karo. Chini kulikuwa na tope la majivu, povu, nyuzi za dodoki na punje mbili tatu za wali ulioungua. "Nilichanganya na majivu isiishe upesi," alisema kwa fahari ya mtu anayejua kubana matumizi.

Mama Pacha akamweleza yote aliyoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Mama mkwe akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Yaani mkono wa mwanangu nimeusugulia masufuria?"

"Hapana, mama. Jiwe nililiua mimi. Wewe umekula dawa yake tu."

"Heri ningeila kweli, ingekuwa imetulia tumboni." Akainuka. "Lete beseni."

Akalimimina tope lile katika beseni, akaongeza maji, akalizungusha kwa mikono miwili na kumwaga ya juu. Majivu yakaondoka na povu. Akaongeza maji, akazungusha, akamwaga. Ulikuwa mwendo uleule wa kuosha mchele, mwepesi na usiobahatisha, na unga mweusi, kwa uzito wake, ukawa unajikusanya chini kila mara.

"Maisha yangu yote natupa mchanga nabakiza mchele," alinung'unika. "Leo naambiwa nibakize mchanga. Dunia hii!"

Kilichobaki hakikujaza kiganja, lakini kilikuwa safi, na kilimetameta.

Barazani, Mama Pacha alitandaza kitambaa kibichi mezani ili kioo kisicheze, akakilaza juu yake. Alichora mistari ya penseli juu ya uso wa jiwe, kama fundi vioo alivyomwelekeza, ili ajue ni wapi pameguswa na wapi bado. Akanyunyiza nusu ya unga, akadondosha maji, akalilaza jiwe kifudifudi na kuanza kulizungusha. Sauti iliyotoka iliwatoa kuku wa jirani mbio. Ilimtoa na Wembe kitandani.

"Mnasaga nini?"

"Jiwe lako."

"Si langu tena."

"Basi la fundi funguo. Hata yeye hastahili kupewa jiwe lililolala."

Wembe alisimama mlangoni, mkono wa kulia ameukumbatia kwa wa kushoto. "Aliyeniuzia alisema kitu kama hicho," alisema polepole. "'Na huu ni unga wa kuliamsha jiwe.' Nikacheka. Nikadhani ni maneno ya wauzaji, wao hawaishi kutia chumvi. Jiwe langu halikuwahi kulala."

"Halikulala kwa sababu mkono wako ulikuwa mwepesi," mkewe alimwambia, na hakuinua uso.

Alipoligeuza jiwe, mistari ilikuwa imefutika pembeni ila katikati bado ipo, pale alipokuwa amekandamiza siku zote zile. Akaongeza unga uliobaki. Akaendelea mpaka mkwaruzo ukawa mnong'ono, mpaka tope likawa jeusi, mpaka mstari wa mwisho ukatoweka. Kisha akaliosha kwa maji mengi, maana punje moja ya unga ikisalia huchana kisu. Jiwe lilikuwa kijivu, halina nuru hata kidogo. Mama mkwe alilitazama kwa huzuni.

Hapo ndipo Mama Pacha alipoingiwa na woga ambao hakuutarajia. Jiwe likiwa limelala, mumewe alikuwa na cha kusingizia. Sasa kama limeamka na mkono wake ukashindwa, kisingizio kitakuwa kimekwisha, na yeye ndiye atakayekuwa amekifuta.

"Jaribu wewe kwanza," Wembe alisema.

"Hapana." Akamwachia kiti. "Nikijaribu mimi, utajua habari za mkono wangu tu."

Wembe akaketi. Akadondosha maji yenye sabuni kidogo juu ya jiwe, akashika mpini kwa mkono wa kulia, akaweka vidole vya kushoto juu ya bapa la kisu, akasukuma. Jiwe lilipiga kelele. Kisu kikachanwa michirizi, makali yakawa kama ya msumeno.

"Si nilisema?"

"Umesema mengi," mama yake alimjibu. "Noa."

Akanoa tena. Jasho likamtiririka, shingo ikamvimba, na jiwe likazidi kulia. Mama Pacha alitamani kumwambia basi, inatosha. Wembe aliuondoa mkono wa kushoto ajifute jasho la jicho, na kwa mazoea tu ule wa kulia ukaendelea peke yake, dhaifu, umebeba uzito wa kisu na si zaidi.

Sauti ikabadilika. Haikuwa tena kilio. Ilikuwa kama mchele unaomiminwa kwenye ungo.

Wembe akasita. Akarudia, mkono wa kushoto ameuweka pajani. Maji juu ya jiwe yakaanza kuwa meusi kwa vumbi la chuma. Akageuza kisu, akapitisha kidole gumba upande wa pili, akakuta pale ukingoni kiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja, alama ya chuma kilichokubali, ambayo kila mnoaji huitafuta. Akafumba macho.

"Nilikuwa nausaidia mkono," alisema. "Niliona huu ni mgonjwa, nikawa nausaidia kwa huu mzima. Kumbe jiwe halitaki msaada."

Hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia. Alinoa upande wa pili, akakata ukurasa wa gazeti kuukuu kuanzia juu. Karatasi ilipasuka bila sauti, kisha kuelekea mwisho ikakwama.

"Ncha imenikimbia. Kifundo hakipindi."

"Kitapinda," mama yake alisema.

"Huenda kisipinde kama zamani, mama." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa. "Lakini kinasikia."

Fundi funguo alifika akisukuma mkokoteni. "Nimekuja na gari tupu na moyo mzito," alitangaza, kisha akaona meza. "He! Jiwe mmelifanyaje? Jana lilikuwa linang'aa!"

Wote watatu wakaangua kicheko, na mama mkwe ndiye aliyechelewa kunyamaza. Fundi funguo aliliokota gazeti, akaangalia pale lilipokatwa, akatikisa kichwa. "Kumbe wembe ni ule ule."

"Si ule ule," Wembe alimsahihisha. "Lakini ni wembe. Nisamehe, ndugu yangu, meza siitoi. Ila baraza hili ni pana. Lete meza yako upande huu, tubanane, kabla gari halijaondoka na kiwiko chako."

Fundi funguo hakungoja kuambiwa mara mbili.

Wembe alivuta kisu kilichofuata, akamsogezea mkewe kile alichokimaliza. "Mwili wa kisu nitaunoa mimi. Ncha ni zako mpaka kifundo kikubali. Na ukikandamiza nitasikia."

Mama Pacha aliketi ubavuni pake, akailaza ncha juu ya jiwe.

"Punguza," Wembe alisema bila kumtazama.

"Nimepunguza."

"Punguza tena."