Kanisa la Kerende Lilipopunguzwa

Dhahabu ilipovuma Kerende, watu walijaa kanisani hadi wengine wakasali wamesimama nje madirishani. Mchungaji Ryoba akabomoa kanisa la zamani na kuanza jingine, kubwa kupindukia, kwa kuwa mnunuzi mmoja wa dhahabu aliahidi kulimaliza lote. Kuta zilipofika usawa wa madirisha, habari zikaja kwamba dhahabu imeonekana mkoa mwingine. Mnunuzi akaondoka, na waumini wengi nyuma yake. Waliobaki wakawa wanasali chini ya turubai lililovuja, na Ryoba akawa anapita njia za vichochoroni ili asiulizwe paa litakuja lini.

Ndipo dayosisi ikamletea Felistas, mama kutoka Sirari, mji wa mpakani, ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia makanisa na vikundi kuchangisha, na kujipanga upya mambo yanapobadilika.

"Dada Felistas, tutafutie mgeni rasmi mwenye uwezo," Ryoba alimwambia hata kabla chai haijamiminwa. "Harambee moja tu, tumalize."

"Mgeni tutamwalika, Mchungaji. Lakini tuanze na wenyeji."

Wakazunguka nyumba kwa nyumba, kisha wakaenda machimboni kwenyewe. Felistas hakuomba mchango. Aliuliza tu: kanisa likisimama, ungependa likufae nini? Kwa wanawake wanaoponda mawe walimkuta Christina, mwanawe kafungwa kanga kiunoni na kushikizwa kwenye gogo asitumbukie shimoni.

"Shikamoo, Mchungaji," alisema, nyundo mkononi. "Mimi ningepata mahali pa kumwacha huyu, ningeshukuru sana."

Ryoba aliitikia marahaba, macho yake kwenye ile kanga. Mara ngapi alikuwa amepita pale kuwaalika ibadani!

Jumapili akawaambia waumini: "Tulipunguze kanisa. Upande mmoja tusali, upande wa pili ulee watoto siku za kazi."

"Majirani zetu wa Nyakunguru watatucheka," alinung'unika mzee Mogesi.

"Watucheke tukiwa wakavu, mzee," akajibu Agustina, mwenyekiti wa akina mama, na turubai zima likaangua kicheko.

Felistas hakuwaachia hapo. "Na dhahabu ikiisha kabisa, mlezi wa watoto atalipwa na nani?" Wakabishana hadi wakakubaliana: ardhi ya kanisa iliyokuwa imelala ilimwe mahindi, mavuno yawe ya watoto na mlezi wao.

Siku ya harambee, wachimbaji waliamkia kwenye udongo, wakachimba msingi wa ukuta wa kugawa jengo. Ndugu wa ng'ambo ya mpaka walileta mabati. Mzee Mogesi, ambaye hakuna aliyemtarajia, alitokea akiswaga dume lake la ng'ombe, akamkabidhi Agustina kamba bila hotuba. Mgeni rasmi alichelewa, na hakuna aliyekumbuka kumngoja. Ryoba alitazama yote hayo. Alimgeukia Felistas amshukuru, akamkuta yumo kwenye foleni ya wanawake wanaopokezana ndoo za maji.

Asubuhi ya kwanza ya malezi, Christina alikuja mapema. Mtoto aliangua kilio mama alipoondoka. Ryoba akamnyanyua, akambembeleza akimzungusha chini ya mabati mapya hadi akanyamaza. Alikuwa amezoea kumshukuru Mungu kwa maneno marefu ya mimbarini. Siku hiyo yakamtoka mawili tu, "Asante, Baba," kisha akaenda kukoroga uji.