Ufunguo wa Kaakaa

"Panua mdomo, mama," kinyozi alisema. Binti yake akajilaza kwenye kiti cha kunyolea, kichwa nyuma, akaitumbulia macho dari.

Juu ndani ya kinywa chake, kwenye kaakaa, kilikaa kidude cha chuma ambacho daktari wa meno alikigandisha kwenye magego ya pande zote mbili. Katikati yake kulikuwa na skrubu yenye tundu dogo. Kinyozi aliingiza ncha ya ufunguo tunduni, akangoja kidogo, akautoa. Hakuzungusha chochote.

"Tayari."

"Mbona sijasikia kitu?"

"Umeshazoea."

Uongo mtupu. Na jamani, kinyozi huyu hakuwa mwongo. Akikugusa sikio kwa wembe, atakuambia mwenyewe kabla hujaiona damu.

Wateja walimpachika mtoto jina la Injini. Akitoka shule alikuwa akisinzia kwenye benchi la wanaosubiri, mdomo wazi, akikoroma mpaka fundi viatu wa mlango wa pili aulize nani kaegesha lori humu. Walicheka, na baba mtu akicheka nao. Mwalimu alipomwita kumwambia binti analala darasani hata saa za asubuhi, kicheko kikamkauka.

"Taya lake la juu ni jembamba," daktari wa meno alimweleza baada ya kumchungulia mtoto kinywani. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. "Dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua, baba. Huku kukibana, na kule kunabana, ndiyo maana anahemea mdomoni. Hapa katikati mifupa miwili imekutana, ila bado haijashikana sawasawa. Tutaiachanisha polepole, na mfupa mpya utajaa hapo. Akishakuwa mtu mzima, itakuwa habari ya kisu."

"Na uso wake?"

"Utabadilika kidogo tu. Pua itatanuka, na hapa chini ya macho patajaa. Watu wengi hata hawatagundua."

Watu wengi sawa, lakini yeye alikuwa kinyozi. Mfunge macho, mpe kichwa cha mteja wake yeyote akipapase, atakutajia ni cha nani. Na uso ule aliujua kuliko yote, kwa sababu ulikuwa wa marehemu mke wake. Mtoto alikuwa chapa mama: uso mwembamba, pua iliyobanwa, na meno mawili ya mbele yaliyopandana, moja likimwegemea mwenzake. Binti akicheka, kinyozi alikuwa anamwona mkewe mlangoni na kikapu chake, akiuliza kama leo kuna wateja.

Mwanzoni alizungusha ile skrubu kila siku, kama daktari alivyomwagiza. Binti alilengwalengwa na machozi, akajishika katikati ya macho, kisha basi, akaenda kucheza. Hadi asubuhi moja alipokuja mbio akikenua, na kati ya yale meno mawili pana upenyo. Daktari alikuwa ameshawaambia: mkiona mwanya, mshangilie, mifupa imeachana. Mtoto alipiga mluzi kupitia mwanya huo siku nzima. Baba yake alijifungia chumba cha nyuma akafua taulo, na taulo zenyewe zilikuwa safi.

Tangu hapo ndipo alipoanza kuingiza ufunguo na kuutoa.

Walipokwenda kuonwa tena, daktari alipima, akapima upya, akakunja uso. "Baba, mbona tumekwama? Unazungusha?"

"Nazungusha."

"Mfupa haumsubiri mtu. Tukizubaa, utaanza kushikana hapohapo ulipo."

Waliporudi saluni, kinyozi alipitia kwa fundi viatu kuchukua kandambili zake. Aliporudi alimkuta mtoto kapanda kiti, uso karibu na kioo kikubwa, ufunguo kinywani. Ulikuwa umeteleza ukamchoma, na mate yake yalikuwa na damu.

"Wee! Unafanya nini?"

"Kwani wewe unafanya?" Binti aliutoa ufunguo mdomoni. "Nakuona kwenye kioo, baba. Kila siku nakuona. Mkono wako haugeuki."

Kinyozi alikaa kwenye benchi la wateja.

"Una meno ya mama yako," alisema. "Nikiyaachanisha, nitabaki na nani mimi?"

Binti alijifuta mdomo kwa kiganja. "Mama alikuwa anaamka kachoka. Nakumbuka. Alikuwa anasema amelala, lakini usingizi haujamwingia." Akamnyooshea ufunguo. "Na mimi nachoka, baba."

Kinyozi alinyanyuka, akanawa mikono, akaupangusa ufunguo kwa spiriti kama anavyopangusa mikasi. Safari hii aliusukuma kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, mpaka tundu jipya likajitokeza. Chozi lilimtiririka mtoto hadi sikioni. La baba mtu lilidondokea kwenye shuka la kunyolea, na wote wawili wakajifanya hawajaliona.

Wiki zilipita. Alasiri moja kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, binti kajinyoosha kwenye benchi, fundi viatu alipochungulia.

"Leo vipi, Injini imezimika?"

Mashine ya kunyolea ilimponyoka kinyozi. Ni kweli, ndani palikuwa kimya kabisa. Alikwapua kioo cha mkononi, kile cha kuwaonyesha wateja kisogo, akapiga magoti na kukiweka chini ya pua ya mwanawe. Mara ya mwisho alipokishika hivyo kilikuwa mbele ya uso wa mkewe, na kilibaki kikavu.

Midomo ya binti ilikuwa imefumba. Kwenye kioo yalitokea madoa mawili ya mvuke, madogo, yakafifia, yakatokea tena.

"Kaka, nusu kichwa changu hiki," mteja alilalamika.

Kinyozi hakugeuka. Kila mvuke ulipofifia aliinama zaidi, akitafuta kwenye kioo ile pua iliyobanwa aliyoizoea, na kabla hajaipata mvuke ulikuwa umeshaifunika.