Kofia ya Alhamisi

Usumani alipeleka ncha ya uzi mdomoni, kama alivyofanya kwa miaka arobaini, kisha mkono ukaganda hewani. Akautazama uzi ule kana kwamba ni nyoka.

Asubuhi hiyo, Jumatatu, alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi. Muuguzi Winifred alimuuliza kilianza lini.

"Ijumaa, binti yangu. Lakini homa imeshuka tangu jana. Nimepona."

"Mafua haya hayajaenda bado, mzee. Yanaambukiza tangu siku moja kabla ya dalili, mpaka siku tano, hata saba, baada yake. Kwa hiyo hesabu tangu Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa mzima! Nilimaliza sahani mbili za ugali."

"Virusi havikuulizi umekula nini."

Alicheka yule muuguzi. Usumani hakucheka. Alhamisi alikuwa Kagarama, kwa binti yake Swafiya, amempakata mjukuu wa siku mbili. Kofia aliyomshonea ilikuwa pana. Akaipunguza palepale kitandani, akalowesha uzi kwa ulimi, akashona, akaukata kwa meno, na kumvika mtoto mate yakiwa bado mabichi kwenye mshono. Kisha akambusu paji la uso.

Sasa simu iliita juu ya cherehani.

"Baba! Kesho ni siku ya saba. Mtoto ananyolewa, anapewa jina. Unakuja saa ngapi? Watu wote wanakungoja."

"Mtoto yuko namna gani?"

"Yuko sawa. Mbona sauti yako inakwaruza hivi?"

Usumani alitazama nje. Barabarani watu walipita na mikate yao, kila mmoja na afya yake. Angeweza kusema ni vumbi la vitambaa. Swafiya angeamini, hajawahi kumkamata baba yake kwa uongo.

"Ile kofia," alisema. "Bado anaivaa?"

"Halali bila hiyo. Mama Kaze hapa jirani anataka umshonee mtoto wake kama ile."

"Mvue."

"Baba?"

"Mvue, Swafiya. Nina mafua. Siku ile yalikuwa tayari ndani yangu, sikujua. Niliulowesha uzi ule kwa mdomo wangu."

Swafiya akasema polepole, sauti si ile ya mwanzo:

"Tangu alfajiri ananyonya kidogo, anaachia. Nilidhani ni usingizi tu."

Usumani alishika ukingo wa meza.

"Usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari sasa hivi. Mwambie siku niliyokuja, mwambie yote. Mwambie ni babu yake."

"Na wewe? Utatukuta huko?"

"Mimi siwezi kuja, mwanangu."

Alisikia simu ikiwekwa chini bila kukatwa. Akasikia mlango, viatu, jina la Mungu. Kisha mtoto akalia. Usumani alibana simu sikioni akisikiliza kama kilio kile kina nguvu au hakina, na hakuweza kupambanua. Kikasogea mbali, kikaisha.

Juu ya meza lilikuwepo shati la mteja, halina vifungo. Akachukua sindano. Akausokota uzi kwa vidole vikavu, akaulenga kwenye tundu. Ncha ikatawanyika. Akausokota tena, mdomo ameufumba, akaulenga tena.