Faili la Mariyamu

Kila Ijumaa, kompyuta ya ofisi ya kuandikisha wakimbizi waliorudi Rumonge ilitafuta majina yaliyoandikwa mara mbili. Ijumaa moja, mwaka wa kumi wa vita, ilitoa jina la Mariyamu, mke wa Asmani, karani wa ofisi hiyo hiyo. Kambini, ng'ambo ya ziwa, Mariyamu alikuwa ameandikwa mke wa Lukeba, mkamuaji mawese wa Kigwena.

Kanuni ilikuwa wazi. Kompyuta ikitilia jina shaka, mwenyewe huitwa akasikilizwa kabla ya kufutwa, na karani hagusi faili la mtu wa nyumbani kwake. Asmani alipaswa kumpa mwenzake, Généreuse, karatasi ile. Aliikunja akaitia mfukoni.

Kisha akafungua faili. Hema moja, miaka miwili, blanketi mbili. Hizo blanketi mbili zilimtuliza kidogo. Kesho yake alifungua tena, ahakikishe kweli ni mbili.

Siku ya sita uvumilivu ulimwishia.

"Lukeba iko nani?" Ugali na ndagala hakuwa amevigusa.

Mariyamu aliweka bakuli chini. "Hilo jina nililisema kambini tu, kwa mwandikishaji. Wewe umelitoa wapi?"

"Jibu kwanza."

"Unanihoji, bwana karani? Basi nitajibu huko ofisini."

Asubuhi Mariyamu alikuwa ameketi mbele ya Généreuse.

"Amahoro, shemeji."

"Amahoro. Andika: mwanamke peke yake hakupewa hema. Mzee Lukeba, rafiki ya baba yangu, akaniandikisha mke wake, naye akalala kwa wakamuaji wenzake miaka yote miwili. Halafu niambie nani amefungua faili langu."

Asmani alikuwa amesahau kwamba kompyuta humwandika na anayesoma. Généreuse alisoma kwa sauti: jina moja, siku na saa, mara kumi na moja.

"Mashine umeiuliza mara kumi na moja," Mariyamu alimwambia mumewe. "Mimi mara moja, tena kama mwizi."

"Jina la Lukeba nimelifuta," alisema Généreuse. "Ubaki kwenye kadi ya mgao ya Asmani?"

"Siku hizi mwanamke anapewa yake?"

"Anapewa."

"Nipe yangu."

Asmani aliukimbilia muhuri, aigonge kadi yeye mwenyewe. Généreuse akauvuta upande wake.

"Hapana, kaka. Hili faili hauligusi."