Ubao wa Vikombe

Mwalimu wa Kiingereza alimwahidi mkewe kabati la vyombo tangu siku walipohamia nyumba ile, na ahadi ikazeeka mpaka ikaota mvi. Mkewe, fundi cherehani, aliweka vyombo kwenye beseni chini ya meza ya jikoni, akavifunika kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Aliposikia kwamba mama yake anakuja kukaa nao, aliondoa mguu kwenye cherehani, akamgeukia mumewe.

"Mama akikuta vikombe sakafuni, nitamwambia ukweli."

Mwalimu aliwajua mama na binti. Jumamosi akajifungia jikoni na nyundo. Vishindo vikasikika, kisha kimya, kisha mtu anayenyonya kidole kwa uchungu. Mkewe alipoingia alikuta ubao umepigiliwa ukutani, na juu yake vikombe vimepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Kabati liko wapi?"

"Ndilo hilo."

"Milango je?"

Mwalimu akajikohoza. Mkewe akajua somo limeanza.

"Neno kabati tumelitoa kwa Waingereza. Kwao ni maneno mawili yaliyounganishwa, kikombe na ubao. Hapo zamani lilikuwa ubao tu, wa kupangia vikombe. Milango ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo mke wangu, umepata kabati lenyewe, la asili."

Mkewe aliutazama ule ubao, ulivyoinama upande mmoja.

"Sawa. Na mimi mteja akija kuchukua gauni lake, nimpe kitambaa, nimwambie gauni la asili lilikuwa hivi."

"Hayo ni mambo mengine."

"Ni hayo hayo, Mwalimu."

Mama mkwe akafika. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache, na alimheshimu mkwe wake kwa sababu ya kusoma kwake. Alipoonyeshwa ubao akasikiliza habari zake zote, kikombe na ubao, Waingereza na milango yao, akiitikia kwa kichwa taratibu.

"Binti yangu, umeolewa na mtu mwenye kichwa," akasema.

Fundi akauma uzi. Mwalimu siku ile alitembea nyumbani kama mwenye jumba la ghorofa.

Asubuhi yake walikaa jikoni kunywa chai. Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua kikombe ubaoni, akakichungulia. Hakushtuka. Mikono yake ilikuwa imepokea mengi.

"Baba," alimwita mkwe wake kwa upole, "hao Waingereza wa zamani hawakuwa na mijusi?"

"Sijasoma hilo, Mama. Kwa nini?"

"Huyu ananitazama."

Mwalimu akainama kuona, na mjusi naye akaona heri ajiokoe. Aliruka kutoka kikombeni, akaingia kwenye ukosi wa shati la Mwalimu, akateremka mgongoni. Msomi alipiga ukelele, akarudi nyuma, bega likagonga ubao. Msumari mmoja ukang'oka, ubao ukaning'inia, vikombe vikateleza kimoja baada ya kingine kama abiria wanaoshuka. Kimoja alikidaka. Vingine vikawa vigae.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe alisubiri mjusi atokee chini ya shati na kwenda zake.

"Nimezalisha wanawake maisha yangu yote," akasema. "Hakuna aliyelia hivyo."

Mchana Mwalimu alikuwa kwa seremala.

"Nataka kabati."

"La milango?"

Jibu lilimjia lote, tangu vikombe mpaka Waingereza. Akalimeza.

"La milango. Na komeo."

Kabati lilipoletwa, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyepanga vyombo vipya. Alipofika kwenye visahani vya kuwekea vikombe, akanyanyua kimoja.

"Na hiki Waingereza wanakiitaje?"

Kumbe nacho kina historia yake, kwani zamani kilikuwa cha kuwekea mchuzi, si kikombe. Mwalimu alifungua mdomo, akamwona mkewe, akaufunga. Akajishughulisha na kufuta vumbi la mbao kwenye suruali. Akaanza kubadilisha miguu kama mtu aliyebanwa na haja.

Fundi akamhurumia.

"Mwambie tu Mama," akasema, akivuta kiti akae. "Hata mimi nataka kujua. Ila funga milango ya kabati kwanza."