Kuku Aliyepitwa Njiani

Darasa zima lilimwita Cherehani, na jina lilimkaa. Akishafungua kitabu ni trrrr mpaka nukta ya mwisho, hapumui wala hamezi mate. Na duniani alitaka kitu kimoja tu: kupiga kengele ya shule. Ndiyo, kengele! Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba msomaji bora wa darasa ndiye atakayekabidhiwa.

Siku ya majaribio mwalimu alishika saa ya kupimia wakimbiaji. Cherehani akaimaliza hadithi wenzake wakiwa bado wanatafuta ukurasa. Mwalimu akauliza kuku alijificha wapi.

"Kuku gani, mwalimu?"

Darasa likaangua kicheko. Jamani, hadithi nzima ilikuwa ya kuku! Mwalimu akampa wiki moja akasome nyumbani kwa sauti, mbele ya mtu mzima, kisha arudi kujaribu tena. Mtoto wa watu akaondoka kichwa chini, kengele anaiona hivi hivi inamponyoka.

Mtu mzima mwenye nafasi alikuwa bibi yake, na bibi huyo ana mdomo, usiombe. Cherehani hajafika mbali, bibi anamkatiza: kuku anamkimbia nani? Mvua imeshaanza au bado? Mtoto hajui.

"Umempita kuku njiani, mjukuu wangu. Mrudie."

Akanuna, akalia, akarudia. Siku zilivyokwenda akaanza kupunguza mwendo mwenyewe, akipumua penye mkato, na sauti ya paka anayemfukuza kuku akaitoa puani. Balaa likawa bibi. Alinogewa, kila jioni akitaka warudie pale kuku anapoingia chini ya sufuria, hata mwisho wenyewe hawakuufikia.

Siku ya kujaribu tena, bibi alitokea darasani na kigoda chake. Mwalimu alipomwamkia na kuuliza kulikoni, akajibu kwamba amekuja kujua kama kuku alipona, na kwamba asiyejali hilo hana moyo.

Cherehani akasoma taratibu. Paka aliposhika sufuria, Cherehani akaacha kusoma makusudi, mtundu yule. Mwalimu akasahau kubonyeza saa. Mpiga kengele wa siku zote alikuwa dirishani, mdomo wazi, na mapumziko yakapita bila kengele. Kuku alipona. Bibi akapiga kigelegele mpaka darasa la jirani likasimama, na mwalimu akasema kengele imepata mwenyewe.

Kesho yake saa ya mapumziko ilifika, ikapita, shule kimya. Mwalimu mkuu akatoka akifoka, akamkuta Cherehani ameketi chini ya kengele, kitabu kipya mapajani.

"Shikamoo, mwalimu. Nivumilie kidogo, mbuzi ametumbukia kisimani."

Mwalimu mkuu akauliza mbuzi gani, kisha akachuchumaa aone vizuri. Siku hiyo kengele ilipigwa na mpishi wa shule, kwa upawa, tena kwa hasira, maana chakula kilikuwa kinapoa.